Rituksimabu katika Tiba ya Multipo Sklerosisi: Kibali na Ushahidi
Katika multipo sklerosisi, mfumo wa kinga hushambulia ala ya neva za ubongo na uti wa mgongo. Rituksimabu, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kutibu saratani ya limfu, huangamiza seli B zinazochangia shambulio hilo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lilionesha kuwa hupunguza vidonda vya ubongo. Hata hivyo, kingamwili iliyoendelezwa hadi kupata idhini ya maradhi haya, mwaka 2017, ni okrelizumabu ya jamii hiyohiyo.

Kukosa kibali si kukosa ushahidi. Nchini Uswidi, ambako rituksimabu hutumika kwa wingi, utafiti wa mwaka 2022 uliilinganisha na dawa ya kumeza ya dimetili fumarati: waliorudiwa na dalili walikuwa asilimia 3 dhidi ya 16. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu za maradhi haya.

Hatari zipo: homa ya ini B iliyolala huweza kuamka, hivyo vipimo hutangulia tiba. Pasipo kibali, wajibu wa daktari kumweleza mgonjwa ushahidi na hatari huongezeka, haupungui.