Mapambo ya Krismasi kwa matunda makavu: Fursa ya Kaniha iko kiangazi, si Desemba

KILA ifikapo Desemba, maduka ya miji yetu hujaa mapambo ya plastiki kutoka China, huku matunda yakiendelea kuozea mashambani na pembeni mwa magulio. Wiki hii ukurasa wetu unaangalia iwapo mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, kwa mfano wa Kaniha wilayani Biharamulo, anaweza kupata faida kwa kuunganisha mambo hayo mawili: kukausha matunda nyumbani na kuyauza kama mapambo ya sikukuu.

Mapambo yenyewe si kitu cha ajabu. Huko Ujerumani na Uingereza ni desturi ya miaka mingi kutundika vipande vya machungwa makavu madirishani na kwenye mti wa Krismasi, pamoja na vijiti vya mdalasini na matunda ya mti wa paini. Chungwa lililokatwa kwa upana hutoa duara lenye mistari kama nyota, na likikauka vizuri linapitisha mwanga. Nanasi likikatwa jembamba hukauka na kujikunja pembeni kama ua. Ndimu na limau nazo zinafaa. Papai na embe hayafai, kwani husinyaa na kupoteza umbo.

Ujuzi upo tayari

Wakazi wa Kaniha hawahitaji mtaalamu kutoka Ulaya awafundishe kukausha. Familia zenye asili ya Usukumani, ambazo ni nyingi wilayani Biharamulo, zinajua michembe tangu utotoni: viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, kisha vinahifadhiwa kwa miezi. Mkulima wa kahawa wa Kagera naye anajua kugeuza mazao kwenye mkeka na kukimbia mvua. Kinachobadilika hapa ni bidhaa na mnunuzi.

Biashara ya matunda makavu nayo si ngeni katika ukanda huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Fruits of the Nile ya Uganda ilianza kununua nanasi na ndizi zilizokaushwa kwa jua na wakulima wadogo, na kuzipeleka Uingereza. Hayo yalikuwa matunda ya kula. Lakini funzo lake linatuhusu: mkulima alikausha mwenyewe kijijini, na mzigo uliosafirishwa ulikuwa mwepesi.

Wepesi huo ndio siri ya biashara hii. Sehemu kubwa ya chungwa, karibu asilimia 87, ni maji. Machungwa 100 yenye uzito wa kilo 15 yakikaushwa hubaki kilo 2 na ushee. Mzigo ambao ungehitaji magunia na kugombana na kondakta unaingia kwenye boksi moja la kubeba mkononi.

Kalenda ndiyo inayoua mtaji

Hapa ndipo wengi watakapoumia. Desemba, mwezi wa kuuza, ni mwezi wa mvua mkoani Kagera. Anayeanza kuanika Novemba ili awahi sikukuu atavuna ukungu. Jua la uhakika lipo Juni hadi Agosti, na ndio wakati wa kufanya kazi yote ya kukausha. Kwa hiyo hii ni biashara ya kufunga fedha kwa miezi minne au mitano kabla ya kuona senti. Asiye na uvumilivu huo, au anayetegemea mkopo wa riba ya kila mwezi, afikirie mara mbili.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chungwa huoshwa, hukatwa vipande vya unene wa milimita 5 hadi 6 bila kumenywa, na maji yake hufyonzwa kwa kitambaa safi. Vipande hupangwa juu ya wavu bila kugusana. Kaushio rahisi ni sanduku la mbao lenye miguu, wavu ndani na nailoni angavu juu, likiwa na matundu chini na juu ili hewa yenye unyevu itoke. Sanduku lililozibwa kila upande halikaushi. Linapika na kuozesha. Vipande hugeuzwa mara mbili kwa siku na kuingizwa ndani jioni. Kwa jua zuri kazi huchukua siku mbili hadi nne. Kipande kilichokauka ni kikavu hata katikati na hakinati kidoleni.

Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Matunda haya yana sukari, na sukari huvuta unyevu, sisimizi na panya. Yafungwe kwenye mifuko ya nailoni, kisha yawekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, na yakaguliwe kila baada ya wiki mbili. Kipande kimoja chenye ukungu kiondolewe mara moja kabla hakijaambukiza ndoo nzima. Kutunga kwenye kamba kufanyike mwishoni, Novemba. Kamba za mgomba au za katani zinapendeza kuliko uzi wa plastiki, na hazina gharama kubwa.

Hesabu ya mfano

Bei zifuatazo ni za mfano tu; msomaji aweke za soko lake. Machungwa 100 kwa shilingi 200 ni shilingi 20,000. Ujira ni 20,000, nauli 10,000, kamba na karatasi za kufungia 6,000, na uchakavu wa kaushio 4,000. Jumla ni shilingi 60,000.

Kila chungwa likitoa vipande saba, unapata 700. Toa 100 vilivyovunjika au kuwa vyeusi. Vinabaki 600, sawa na kamba 60 zenye vipande kumi kila moja. Kila kamba imekugharimu shilingi 1,000. Ukiuza zote kwa 2,000 unapata 120,000, na faida ni 60,000. Ukiuza nusu tu, umerudisha mtaji na jasho lako limekwenda bure. Nafuu ni kwamba mali iliyobaki haiozi Januari. Ikihifadhiwa vizuri inaweza kuuzwa mwaka unaofuata, ingawa rangi hupungua.

Hesabu hii inaonyesha wazi kwamba hatari kubwa ni soko. Tunda linaweza kununuliwa popote. Mnunuzi wa pambo ni lazima atafutwe mapema.

Nani atanunua?

Mwenye nyumba wa kawaida kijijini, aliyezoea baluni na karatasi za rangi, si mteja wa kwanza. Wateja wa kuanza nao ni makanisa, hoteli na maduka ya zawadi. Wilaya za Ngara na Biharamulo zina parokia nyingi za Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, na Dayosisi ya Kagera ya Anglikana ina makao yake Murgwanza, Ngara. Kamati za mapambo huanza vikao mapema. Apelekewe mwenyekiti sampuli mwezi Septemba, si wiki ya Krismasi.

Soko la pili ni Mwanza, kupitia Geita. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, magari hayasubiri tena kivuko. Soko la tatu ni barabara kuu ya Lusahunga kwenda Rusumo, mpaka wa Rwanda, ambako magari ya abiria na malori hupita kila siku.

Kuhusu Ulaya, tusidanganyane. Waagizaji wa huko hupanga mali ya Krismasi miezi mingi kabla, hutaka kiasi kikubwa chenye ubora unaofanana, na mazao ya mimea huweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea. Hiyo ni ngazi ya baadaye, na hupandwa kwa kikundi.

Mwisho, pambo liuzwe kama pambo. Lililopakwa vanishi au gundi lisiliwe, na lisitundikwe karibu na mshumaa. Anayetaka kuuza matunda makavu ya kula anaingia kwenye biashara nyingine yenye masharti ya TBS.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo: mwaka wa kwanza usizidi machungwa 100. Tafuta oda tatu za uhakika, kausha Julai, uza Desemba, kisha kaa na daftari lako Januari. Daftari ndilo litakalokuambia kama uongeze kaushio la pili au urudi kwenye michembe.