Punda asiye na magego na ndoo ya alfalfa

Kabla sijamtazama punda mdomoni, hutazama kwanza chini ya hori lake. Nikikuta vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu yakatemwa, vimeviringana na kulowa mate kama tambuu ya bibi kizee, najua magego yamekwisha au yamechongoka. Punda mwenye meno mazima hatemi majani. Huyasaga akayameza, na kinyesi chake hutoka na nyuzi fupi. Nyuzi zikiwa ndefu, basi chakula kimepita bila kusagwa, na mwenye punda anatupa pesa jalalani.

Kismayuu jambo hili si dogo. Pipa la maji, kuni, mchanga wa kujengea, magunia ya unga: vyote hupanda gari la punda. Ukielekea kusini, Darakasi na visiwa vya Wabajuni, mashua ndiyo inayobeba. Mzigo ukishatua nchi kavu, kazi ni ya punda. Mnyama huyu akianza kukonda, watu husema ana minyoo. Hupewa dawa, na hukonda vilevile. Minyoo ipo, sikatai, lakini kwa punda aliyekula chumvi nyingi mimi huanza na meno.

Kaskazi moja niliitwa kumtazama punda jike wa mzee mmoja anayeuza maji. Mbavu zilihesabika moja moja.

"Daktari, huyu anakula mchana kutwa," mzee aliniambia, na kweli alikuwa anakula.

Nilimvuta ulimi kando, nikamulika kwa kurunzi. Gego moja la chini upande wa kushoto lilikuwa limeng'oka, na la juu yake, kwa kukosa la kusagana nalo, lilikuwa limeshuka kama kigingi na kuchoma ufizi.

"Mzee, anatafuna tu. Hamezi."

Tulikipiga tupa kigingi kile. Halafu tukamwanzishia chakula ambacho wenye farasi wamekitumia kwa wanyama wao wazee kwa miaka mingi: alfalfa iliyolowekwa.

Alfalfa ni jamii moja na kunde na dengu. Waomani huiita qatt. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya huiita lusani. Jina alfalfa limetoka kwa Wahispania, nao walilipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, ambao neno lao la kale, aspast, lilimaanisha chakula cha farasi. Sisi kwetu farasi hawakustawi. Mbung'o wa bonde la Juba na wa misitu ya pwani huwamaliza kwa malale ya wanyama, kwa hiyo elimu yote iliyoandikwa kwa ajili ya farasi inabidi tuikate na kuishona upya imwenee punda. Wenzetu wa Uarabuni nao walilisha walichonacho: Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba watu wa Dhofari walilisha mifugo yao dagaa. Sishauri dagaa.

Kinachoifanya alfalfa iwe na thamani kwetu ni vitu viwili. Cha kwanza ni protini: ikikaushwa vizuri, kila kilo ina gramu 150 hadi 200, na majani makavu ya porini wakati wa kiangazi hayafiki hata nusu ya hapo. Cha pili, ambacho watu hukisahau, ni kalsiamu, madini ya mifupa. Hapa nitakaa kidogo.

Punda wa mjini hulishwa pumba kwa sababu ni rahisi na zinapatikana. Pumba za ngano zina fosforasi ya gramu kumi hivi kwa kilo, na kalsiamu isiyozidi sana gramu moja. Mwili unataka kalsiamu iwe nyingi kuliko fosforasi. Isipokuwa hivyo, tezi zilizo shingoni huamuru kalsiamu ichotwe mifupani, mwezi baada ya mwezi, na mifupa ya uso hubaki laini na kuvimba. Zamani Ulaya maradhi haya yaliitwa ugonjwa wa wasaga unga, kwa sababu farasi wao ndio waliokuwa wakishiba pumba. Kuna na mtego wa pili: baadhi ya nyasi za nchi za joto, pamoja na ile nyasi ya ukame yenye mashuke ya manyoya inayoota kote Somalia, zina oksaleti inayoifunga kalsiamu tumboni hata ikiwepo. Ng'ombe huvumilia kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza huivunja oksaleti hiyo. Punda na farasi hawana tumbo la namna hiyo.

Sasa piga hesabu. Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji kalsiamu ya gramu 20 hivi kwa siku. Kwa kipimo hicho, punda wa kilo 150 anahitaji gramu sita. Nusu kilo ya alfalfa kavu ina gramu sita au zaidi. Nusu kilo tu, uzito wa kifurushi kidogo cha sukari. Ndiyo maana nasema hii ni nyongeza. Anayejaza hori zima kwa alfalfa anadhani anamfanyia ihsani mnyama, kumbe mwili wa punda uliumbwa kwa nyasi ngumu za jangwani, na ndugu yake wa porini, punda mwitu wa Somalia, hadi leo anaishi kwa hizo. Punda mzima mwenye meno, akila alfalfa nyingi, hunenepa shingo ikalala upande, hukojoa sana mkojo wenye harufu kali, na anaweza kuvimba ndani ya kwato. Akifika hapo hatembei.

Kwa nini kuloweka? Alfalfa mbichi haivumilii safari. Inayosafiri ni kavu, ama marobota ama tembe zilizoshindiliwa kiwandani. Tembe hizo hufyonza maji na kuvimba mara mbili au zaidi. Punda mwenye njaa, au asiye na magego, humeza bila kutafuna; tembe huvimbia ndani ya umio, na njia ikaziba. Punda na farasi hawatapiki. Utamwona amenyoosha shingo, anakohoa, na ute wa kijani unamtoka puani. Tena punda mzee wa kuvuta gari hupewa maji mara chache kuliko anavyohitaji, hivyo kila lita inayoingia pamoja na chakula ni faida.

Namna ya kufanya ni hii. Weka tembe ndani ya ndoo zisizidi robo yake, mimina maji safi mara mbili au tatu ya ujazo wa tembe, funika na uache. Maji ya uvuguvugu hutosha nusu saa. Maji ya kawaida, saa moja. Vipande vikubwa vilivyoshindiliwa sana huchukua muda zaidi. Usiamini saa, amini vidole: ingiza mkono hadi chini kabisa ya ndoo, maana juu huwa uji na chini pakabaki kokoto. Ukibinya usikute kitu kigumu, kimekuwa tayari. Marobota yakatwekatwe mafupi kwanza. Na kwa joto letu, usiloweke asubuhi ukalisha jioni. Wakati wa kaskazi ndoo huanza kunuka uchachu mapema, na chakula kilichochacha huleta msokoto wa tumbo. Osha ndoo kila mara.

Kwa mnyama anayetafuna bado, nusu kilo kavu ikilowekwa inatosha, juu ya majani yake ya kawaida. Asiye na magego kabisa ni habari nyingine: huyo uji huu ndio chakula chenyewe, na utagawanywa mara tatu au nne kwa siku. Punda jike anayenyonyesha naye anastahili kuongezewa. Badiliko lolote lichukue wiki moja hadi mbili, kidogo kidogo. Wala usimshindishe punda njaa ili azoee chakula kipya, hasa akiwa mnene: akiacha kula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu, na punda wengi hufa hivyo.

Alfalfa isipopatikana, au bei yake ikikushinda, majani na mashina ya kunde au ya karanga yaliyokaushwa kivulini hufanya kazi inayokaribiana, mradi yasiwe na ukungu. Yakatekate uyaloweke vivyo hivyo. Lakini jihadhari na jina. Lusani si lusina. Lusina ni ule mti wenye maganda bapa unaoota kila mahali pwani, mbuzi wanaupenda, nayo majani yake yana sumu inayomnyonyoa punda singa na mkia. Nimewahi kuletewa mnyama aliyelishwa hayo kwa nia njema, kisa mwuzaji na mnunuzi hawakusikilizana herufi.

Mwenye punda aliye Lamu ana nafuu: zahanati ya punda imekuwepo pale tangu 1987, na mtu anaweza kupeleka mnyama wake akaangaliwe kinywa. Kismayuu na visiwani huna budi kumtafuta daktari wa mifugo mwenye tupa na kabari ya kufungulia mdomo, walau mara moja kwa mwaka. Mtafute kabla hujanunua gunia la alfalfa, kwa sababu punda wengi ninaoletewa wakiwa wamekonda wanahitaji tupa kwanza. Yule wa muuza maji alirudia kula majani makavu baada ya wiki kadhaa, upande mmoja wa mdomo, na ndoo yake ya alfalfa ikapunguzwa ikawa ya jioni tu.