Maji ya Matunda Yaliyochacha si Dawa ya Ugonjwa wa Sukari

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alikuja afisini na chupa ya maji ya nanasi yaliyochacha. Hakuja kwa habari ya mkopo wala ya mbegu. Alitaka kujua kama ingefaa apande nusu eka ya mananasi ili atengeneze maji hayo na kuyauza, kwa maana aliambiwa sokoni kwamba yanaponya ugonjwa wa sukari.

Tulimwuliza ni nani aliyekwisha kuyatumia. Akajibu, "Mama watoto. Leo ni siku ya nne tangu aache sindano." Tulipouliza hali yake, alisema anakunywa maji bila kutosheka, anakwenda haja ndogo kila mara, na tangu asubuhi anatapika. Maneno ya mananasi yakaisha hapo. Mama huyo alipelekwa hospitali kwa gari la maziwa, naye, tunashukuru, yu hai. Lakini kwa kuwa habari hiyo ya sokoni imewafikia wengi, yafaa ielezwe wazi.

Sukari ya tunda huenda wapi?

Kila tunda lililoiva lina sukari. Ukikamua maji yake na kuyaweka mahali penye joto, chachu, yaani vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, huanza kula sukari hiyo. Huigeuza kuwa pombe na ile hewa inayotoa mapovu. Katika gramu 100 za sukari huweza kupatikana karibu gramu 50 za pombe. Aliyeona muratina ikitengenezwa kwa asali anaijua kazi hii. Maji hayo yakiachwa zaidi na kupata hewa, vijidudu vingine huigeuza pombe kuwa siki.

Ndiyo sababu maji yaliyochacha huwa na utamu mdogo kuliko yale mabichi. Hapa ndipo watu wanapopotea. Wanafikiri kwamba kitu kilichokula sukari ndani ya chupa kitakula na sukari ndani ya damu. Sivyo. Chachu ikinywewa haiingii katika damu kufanya kazi hiyo. Tena ulimi hauwezi kupima sukari iliyobaki katika chupa, kwa sababu ukali huuficha utamu.

Ugonjwa wenyewe

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Hicho hutengeneza insulini, nayo ni kama ufunguo unaoifungulia sukari mlango itoke katika damu iingie mwilini kuleta nguvu. Insulini ikikosekana, au isipofanya kazi vizuri, sukari hujaa katika damu, na mwili hukaa na njaa katikati ya shibe.

Mwaka wa 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, Kanada, waliweza kutoa insulini katika kongosho za wanyama. Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa alidungwa sindano ya dawa hiyo, akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa wa namna ile hakuwa na tumaini. Basi aachaye sindano bila shauri la daktari huweza kujirudisha katika hatari hiyo ya zamani.

Faida ndogo na hatari kubwa

Wataalamu wamepima siki, wakaona kwamba kijiko kimoja au viwili pamoja na chakula huweza kupunguza kidogo kupanda kwa sukari baada ya kula. Lakini umande hauwezi kushika nafasi ya mvua katika shamba la mahindi, na siki haiwezi kushika nafasi ya dawa.

Pombe nayo ina hatari yake. Ini ndilo linaloongeza sukari katika damu wakati mtu hajala. Likishughulika na pombe, kazi hiyo hulegea. Mtu aliyedungwa insulini, au aliyemeza vidonge vya namna fulani, sukari yake huweza kushuka mno. Hutetemeka, hutoka jasho na kuzimia. Walio karibu hunusa pombe, wakadhani amelewa, wakamwacha alale. Huenda asiamke.

Mambo ya kushika

1. Mwenye kiu isiyokoma, haja ndogo nyingi na kukonda bila sababu aende zahanati akapimwe damu. Kipimo cha 7.0 au zaidi kabla ya kula asubuhi chaonyesha ugonjwa wa sukari, na daktari atathibitisha.

2. Usiache sindano wala vidonge kwa sababu ya kinywaji chochote. Ukitaka kutumia siki, mwulize daktari kwanza.

3. Mgonjwa akitapika, akihema kwa nguvu au akizimia, apelekwe hospitali mara moja. Msingoje kesho.

4. Kula tunda zima, kwa kiasi, ni bora kuliko kunywa maji yake.

Mzee wetu bado anataka kupanda mananasi, nasi tumemwambia apande. Nanasi ni zao jema. Aliuze kama tunda, wala asiliuze kama dawa.