Trekta Ndogo Kuukuu: Ichunguzwe Kabla ya Kununuliwa

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Lakini jembe la injini si kama jembe la mpini. Huko Murera, katika upande wa Ruiru na Thika, mashamba mengi yamegawanywa kuwa vipande vidogo ambamo trekta kubwa hupata taabu kugeuka. Trekta ndogo ya kuongozwa kwa mikono, yaani pawatila, hufaa mahali kama hapo, na asiyeweza kununua mpya hutafuta iliyokwisha tumika. Akichagua vibaya, fedha za mbegu na za karo hulala katika chuma kibovu, nayo mvua ya Machi haimngojei.

Visu vya kuzunguka si jambo geni. Kijana mmoja wa Australia, Arthur Clifford Howard, alianza kuvijaribu mwaka 1912. Kazi yake ni ile ile hata leo: injini huzungusha mhimili, na visu vilivyofungwa juu yake hukata udongo na kuuvuruga.

Yafaa mnunuzi aikute injini ya petroli ikiwa baridi, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huweza kuficha ugonjwa wake. Kwanza avute kamba polepole swichi ikiwa imezimwa. Kamba isipokaza mkono hata kidogo, huenda vali au ringi za pistoni zimekwisha. Kisha iwashwe, moshi wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili. Baada ya kuizima, atazame oili ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mwisho autikise mhimili wa visu. Ukilegea, beringi zimelika.

Kasoro zote si sawa. Visu vilivyolika na mkanda uliopasuka hubadilishwa bila gharama kubwa, lakini giaboksi iliyovunjika yaweza kumeza fedha kuliko bei ya mashine yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, na aulize Thika, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kama spea za aina hiyo zinapatikana. Tena adai hati ya mauzo yenye namba ya injini, asije akanunua mali ya wizi.

Matengenezo nayo yana utaratibu wake. Kabla ya kugusa visu, waya wa plagi utolewe, ili injini isije ikawaka na kukata vidole. Petroli ya zamani imwagwe na kabureta isafishwe, kwa sababu petroli iliyokaa sana huacha utomvu unaoziba matundu. Plagi, oili na kichujio cha hewa vibadilishwe, na sili inayovuja ing'olewe na kuwekwa mpya. Visu vipya vifungwe makali yakielekea upande vinakozungukia. Vikifungwa kinyume, mashine hurukaruka juu ya ardhi bila kulima.

Jaribio la kwanza lifanywe katika udongo mwepesi, wala si katika udongo mweusi ulioloa, ambao hunata kwenye visu na kuitaabisha injini. Haya yote yafanyike mwezi wa Januari au Februari. Anayengoja mpaka mawingu yatande atawakuta mafundi wamejaa kazi, na majirani zake wamekwisha panda.