Mhadhiri Naye Anahitaji Mlezi

Sisi wa Masasi na Newala hatuhitaji kufundishwa maana ya mlezi. Katika unyago, mwali hapiti peke yake. Ana somo wake wa kumwongoza mpaka atoke. Cha ajabu, mtoto wetu akisoma hadi akaajiriwa chuo kikuu, hapo tunamwacha avuke mwenyewe, tukidhani shahada inatosha.

Chukua mkufunzi wa chuo cha ualimu, kama kile cha Kitangali wilayani Newala, anayehamia chuo kikuu. Safari hiyo si ya mbali tena, maana Mtwara ilipata chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris mwaka 2009. Mkufunzi huyo alisifiwa kwa kufundisha vizuri. Chuo kikuu humpima kwa mengine pia: utafiti, machapisho, na shahada ya uzamivu ndipo aitwe mhadhiri. Anakuwa mwanafunzi tena, huku vijana darasani wakimwita "dokta" kabla ya wakati wake. Wengi hunyamaza, kwani kuuliza huonekana kama kukiri kwamba hukustahili kuajiriwa. Mtu wa namna hiyo hubaki msaidizi miaka nenda rudi, au huacha kazi, na vijana wa kwetu wanaofika huko si wengi.

Mlezi ni mtu aliyekwisha kupita njia hiyo. Humwonyesha makala yake mwenyewe iliyokataliwa na jarida, maoni aliyopewa na jinsi alivyoirekebisha. Kwa maoni yetu, tendo hilo moja linashinda semina ya siku tatu. Kocha ni mwingine. Kama yule wa uwanjani, haingii kucheza. Huuliza: unataka kufika wapi, umejaribu nini, wiki hii utafanya nini? Si lazima awe wa fani ileile. Ila tunasisitiza kwamba mlezi asiwe mkuu wa idara anayejaza fomu ya tathmini. Nani atamweleza udhaifu wake mtu anayeamua kama atapanda cheo?

Anayeteuliwa kuongoza idara naye ana yake, hasa pale anapowasimamia waliomfundisha.

Mpito unaosahaulika zaidi ni kustaafu. Mtumishi wa umma kwa kawaida hulazimika kustaafu akifikisha miaka 60. Maprofesa na wahadhiri waandamizi huweza kufika 65. Wengi husema watarudi Newala kwenye korosho. Vema, lakini mkorosho huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, na mavuno ya maana huja baadaye. Kwa hiyo mazungumzo yaanze miaka mitano kabla, yakigusa shamba, kiinua mgongo, na nani atapokea wanafunzi wake wa uzamili.

Mzee huyo ndiye mlezi anayefaa kwa yule aliyeajiriwa juzi. Tunashauri vyuo viwakutanishe saa moja kila mwezi, kwa tarehe iliyoandikwa. Ikiachwa "tutaonana", msimu wa kusahihisha mitihani utaimeza.