Hamali Anayebeba Mafuta Hadi kwenye Ini

JE, msomaji, ukisikia kwamba fulani anaugua ini, huwaza nini? Bila shaka wengi husema, "Ni pombe hiyo." Lakini hata mtu asiyeonja tone la pombe aweza kuwa na ini lililojaa mafuta, hasa akiwa na kitambi au ugonjwa wa kisukari.

Mafuta hayo hufikaje huko? Kumbuka kwamba damu kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Ni lazima yabebwe. Kazi hiyo hufanywa na protini iitwayo albumini, ambayo hutengenezwa na ini lenyewe, yapata gramu 10 hadi 15 kila siku. Ifananishe na hamali wa Marikiti na mkokoteni wake: hachagui mzigo, apewacho hubeba.

Kwa mtu mwenye afya, baada ya mlo homoni ya insulini huamuru akiba ya mafuta mwilini isifunguliwe. Kwa mwenye kitambi, mara nyingi amri hiyo hupuuzwa. Mafuta huzidi kumwagika katika damu, naye hamali huyapeleka hadi kwenye ini. Mwaka wa 2005, watafiti nchini Marekani waliwachunguza wagonjwa wa aina hii na kugundua kuwa asilimia 59 ya mafuta ya ini yalifika kwa njia hiyo. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini kutokana na vitu kama sukari, na 15 pekee yalitoka moja kwa moja katika mafuta ya chakula.

Kwa hivyo, mzazi, usidhani kuacha chipsi kunatosha ilhali soda haikosekani mezani.

Hatari ni kwamba ini haliumi mapema. Mafuta yakikaa miaka mingi, laweza kuvimba, kuota makovu na kushindwa kutengeneza albumini ya kutosha. Hapo maji huvuja kutoka mishipani, miguu na tumbo vikafura. Kwa kuwa albumini hupungua mwishoni, kipimo chake kikiwa sawa si hakikisho kwamba ini ni zima. Muulize daktari kuhusu picha ya ultrasaundi.

Habari njema ni kwamba ini hujirekebisha. Mtu mzito wa kilo 90 akipunguza kilo 9 polepole, kwa kutembea na kupunguza mlo, mafuta ya ini hupungua sana na uvimbe mara nyingi hutulia.

Anza leo. Mdharau mwiba mguu huota tende.