Uwiano: Hesabu Yenye Faida Nyumbani

Mji wa Kakuma uko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, makao makuu ya Turkana. Tangu mwaka 1992, wakimbizi walipoanza kufika kutoka Sudan, shule za hapo zimepokea watoto wa lugha nyingi: Waturkana, Wadinka, Wasomali, Wakongo na wengineo. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu na hapo, kusudi wakimbizi na wenyeji watumie shule na zahanati zilezile.

Mtoto wa shule hizo aweza kujua kuzidisha na kugawanya vizuri, lakini hesabu ikiandikwa kwa maneno asijue aanzie wapi. Shida si namba. Shida ni kuona namna vitu viwili vinavyofuatana. Kufuatana huko ndiko kuitwako uwiano.

Kosa la kwanza ni kujumlisha mahali pa kuzidisha. Tutwae mfano wa dawa ya maji kwa mtoto anayeharisha. Pakiti ya zahanati ndiyo bora. Lakini ikikosekana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Je, lita 3 zahitaji nini? Mwanafunzi mmoja atasema: "Maji yameongezeka lita 2, basi naongeza vijiko 2 kila upande." Atapata vijiko 8 vya sukari na 2½ vya chumvi. Hilo ni kosa la hatari, maana chumvi imezidi mno na sukari imepungua, na chumvi nyingi yaweza kumdhuru mtoto mgonjwa. Njia ya haki ni hii: maji yamekuwa mara 3, basi kila kitu kiwe mara 3. Sukari ni vijiko 18, na chumvi ni kijiko 1½.

Kosa la pili ni kusahau jumla ya mafungu. Mzee ana mbuzi na kondoo 40. Kwa kila mbuzi 5 ana kondoo 3. Mbuzi ni wangapi? Wengi hugawanya 40 kwa 5, wakajibu 8. Mwalimu asiwakemee, bali awatume kuokota vijiwe katika mchanga wa mto Tarach. Waweke vijiwe 5 upande mmoja na 3 upande wa pili, kisha wahesabu vyote: ni 8. Kila kijiwe ni fungu moja, na wanyama 40 wakigawanywa kwa mafungu 8, kila fungu lina wanyama 5. Basi mbuzi ni mara 5 ya hao, yaani 25, na kondoo ni 15. Ukijumlisha wapata 40, nawe umejua kwamba hesabu ni sahihi.

Kosa la tatu ni kutoyapima majibu kwa akili. Kanuni za misaada ya kimataifa zasema kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Nyumba ya watu 7 yahitaji lita 105. Dumu likiwa la lita 20, jibu ni madumu 5 na robo. Lakini mama mwenye madumu 5 tu hawezi kuteka robo bila chombo. Ni lazima apate dumu la 6 au arudi kisimani. Jibu la karatasi na jibu la nyumbani huenda yasiwe mamoja.

Kwa hiyo mwalimu afuate hatua nne. Kwanza, wanafunzi waieleze hesabu kwa lugha yao wenyewe, kabla ya kuandika namba yoyote. Pili, waonyeshe mafungu kwa vijiwe au kwa mistari. Tatu, waulizane: "Ni mara ngapi?" wala si "Ni zaidi kwa ngapi?" Nne, walirudishe jibu katika habari yenyewe, waone kama lafaa.

Wazazi nao waweza kusaidia hata kama hawakusoma. Mchungaji ajua kugawa kundi, na mama ajua kupima unga na maji ya ugali. Mtoto akiulizwa mambo hayo jikoni na machungani, ataijua hesabu ya uwiano kabla hajaiona ubaoni, na siku ya haja dawa ya mdogo wake itapimwa sawasawa.